Mbuzi Asiuzwe Bado

Kijana mmoja wa Nyamisangura, Tarime, atuuliza: ataka kujifunza kutengeneza kurasa za intaneti, je, auze mbuzi wake apate Photoshop? La, mwanangu, mbuzi na abaki zizini. Tangu mwaka 2013 matoleo mapya ya programu hiyo hukodishwa. Ukikosa kulipa, mlango hufungwa. Anza na GIMP kwa kurekebisha picha, na Inkscape kwa kuchora, tuseme, alama ya duka. Zote mbili ni za bure, na ukiisha kuzipakua hufanya kazi bila intaneti. Mchoro wa Inkscape huhifadhiwa kama mistari. Hata ukuzwe kadiri ya ukuta, haufifii. Siku mteja atakapodai Photoshop yenyewe, hapo tutazungumza habari ya mbuzi.