Mwenye Usukani Si Lazima Awe Mkuu

Apitaye Westlands, katika Barabara ya Waiyaki, humwona dereva wa matatu upande wa kulia, wala haulizi ni nani anayeliongoza gari. Katika ndege ndogo zirukazo kutoka Uwanja wa Wilson, ng'ambo ya jiji, kiti hakitoi jibu jepesi hivyo. Kwa desturi rubani mkuu huketi kushoto. Lakini katika mafunzo mwanafunzi ndiye apewaye kiti hicho, na mwalimu, ambaye ndiye mkuu, huketi kulia. Huko huvitazama kwa upande vipimo vilivyowekwa mbele ya mwanafunzi, na mikono yake hubadilishana kazi: wa kulia hushika usukani, wa kushoto moto wa injini. Papo hapo afundishe na kulichunga anga.

Machi 5, 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana angani na Dash 8 iliyokuwa ikielekea Diani. Dash 8 ilirejea Wilson salama na watu wake 44. Mwalimu na mwanafunzi wa Cessna walifariki.

Sidai kwamba kiti ndicho chanzo. Ninalosema ni la lugha. Neno "rubani", tulilolipokea kutoka Kiarabu cha mabaharia, halitofautishi anayeshika usukani na anayewajibika. Usukani hukabidhiwa angani kwa tamko la wazi na jibu lake; ukuu huamuliwa kabla ya kuruka. Basi tunapoandika habari za ajali, yatupasa kuyatenganisha mawili haya, tusije tukamhukumu marehemu kwa kiti alichokalia.