Ndege Mshika Mbili

Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, mwewe alizuka juu ya uwanja wetu. Kuku mwenye vifaranga akatoa mlio wa hofu, na watoto wake wote wakatokomea chini ya mbawa zake. Mwanangu wa darasa la tano hakuwajali vifaranga. Alikuwa amekodoa macho juu. "Baba," akaniuliza, "mbona huyu hapigi mabawa wala haanguki?"

Ndugu msomaji, swali hilo limewashughulisha watu wazima wengi. Jua linapoichoma ardhi, hewa iliyo karibu nayo hupata joto, ikawa nyepesi, ikapanda. Mwewe hujiachia ndani ya mkondo huo, akazunguka humo, akapandishwa bure. Akitoka, huteremka polepole hadi apate mkondo mwingine. Wanadamu nao waliiga hila hiyo kwa kuunda glaida, yaani ndege isiyo na injini, yenye mabawa marefu na membamba.

Lakini glaida haiwezi kuondoka chini peke yake. Sharti ikokotwe na eropleni, au ivutwe kwa kamba ya winchi. Na mikondo ikifa, rubani hutua popote panapofaa, aghalabu katika shamba la mtu, akakaa kungoja jamaa zake waje na gari lenye tela. Wake na watoto wa marubani hao wanazijua vyema Jumapili za namna hiyo. Ndipo mafundi walipowaza kuitia glaida injini ndogo.

Faida ya wazo hilo ilionekana hata hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasayansi wa Kiingereza, Colin Pennycuick, alitumia glaida yenye injini, aina ya Schleicher ASK 14, kuwafuata tai na korongo katika anga ya Serengeti ili ajifunze jinsi wanavyosafiri kwa nguvu za hewa. Ndege ile ilikuwa na kiti kimoja tu. Lakini mtu atakaye kumfundisha mwenzake, au kusafiri naye, huhitaji viti viwili, na hapo ndipo kazi ya msanifu inapokuwa ngumu.

Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Ndege hii hutakiwa isafiri kama eropleni na ielee kama mwewe. Injini, mafuta, mtu wa pili na mzigo wake huongeza uzito. Watu wakiketi bega kwa bega, mwalimu humwona mwanafunzi wake, na ramani husomwa na wote wawili. Tena kiti kimoja kikiwa kitupu, mizani ya ndege haiharibiki sana. Lakini kiwiliwili hunenepa, na hewa hukikinza zaidi. Mabawa yakirefushwa, ndege huelea vizuri, ila kuiingiza bandani huwa shughuli. Kila jema lina bei yake.

Tazama mifano mitatu, yote ya Ujerumani. Mwaka 1963 iliruka Falke, kazi ya Egon Scheibe, yenye mabawa ya mbao na kiunzi cha mabomba ya chuma kilichovikwa kitambaa. Injini zake nyingi zilitokana na ile ya gari dogo la Volkswagen. Injini ikizimwa katika hewa tulivu, kwa kila kilometa moja ya kimo ndege hiyo huweza kwenda mbele kilometa 23 hivi. Si nyingi kwa glaida. Lakini ni ndege rahisi, na zaidi ya 1,000 ziliundwa.

Mwaka 1980 ikaja Grob G 109, iliyoundwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, laini kama yai. Hiyo hufika karibu kilometa 28. Jeshi la Anga la Uingereza lilitumia toleo lake lililoitwa Vigilant kuwafunzia vijana, hadi mwaka 2018.

Adui mkubwa wa ndege hizi ni rafadha, lile panga la puani. Linapozunguka huvuta, likisimama huwa kikwazo katikati ya upepo. Wasanifu wengi huligeuza visu vyake ili makali yaelekee mbele, upepo upite pembeni. Reiner Stemme, mwanafizikia, hakuridhika na hilo. Katika ndege yake ya S10, iliyoruka mwaka 1986, injini iko nyuma ya viti. Mhimili mrefu hupita katikati ya watu wawili hadi puani. Injini ikizimwa, visu hujikunja na pua hujifunga juu yake kama kobe aingizaye kichwa. Mabawa yake ni mita 23 kutoka ncha hata ncha, nayo huenda kilometa 50 kwa kila kilometa moja ya kimo, umbali unaozidi ule wa Dar es Salaam na Kibaha. Je, mbili zimeshikwa? Karibu. Kilichoponyoka ni urahisi, kwa maana kila kipande kinachosogea ni kipande kinachoweza kugoma.

Tena kuna jambo la kuchekesha. Ndege iliyosanifiwa vizuri hivyo hukataa kutua! Basi msanifu hulazimika kuweka juu ya mabawa vibao vya kuinuliwa ili kuiharibu kidogo, ipate kuteremka.

Walakini hatari kubwa haimo katika mbao wala katika nyuzi. Imo katika moyo wa rubani. Mwenye glaida tupu hajisahau: muda wote macho yake yanatafuta mahali pa kutua. Mwenye injini huweza kushawishika kupita juu ya msitu akiwa chini mno, akijiambia, "Nitawasha." Na injini iliyopoa angani kwa saa nzima yaweza kukataa kuwaka. Kwa hiyo walimu wa urubani hufundisha kanuni hii: chagua kwanza shamba la kutua, ukiwa na kimo cha kulifikia, ndipo ujaribu kuwasha. Ikiwaka, endelea na safari. Isipowaka, unajua pa kwenda.

Nilipomaliza kumweleza mwanangu hayo, mwewe alikuwa ameupoteza mkondo wake. Akapiga mabawa mara tatu, nne, akavuka kuelekea paa la jirani. "Baba, amewasha injini!" kijana akapaza sauti. Nilicheka. Lakini kuku wetu hakuwaachia watoto wake mara moja. Alingoja mpaka mwewe akawa nukta.