Kuasili Mtoto wa Nje: Nafuu ya Kodi Inawapita Wanaoihitaji

Simu kutoka nyumbani huwafikia wengi wa ndugu zetu walioko Marekani: kaka amefariki, mkewe alishatangulia, mtoto hana wa kumlea. Kumchukua mtoto huyo kwa njia halali ni safari ya mahakama, mawakili, nauli na visa, na mwisho wake kuna karatasi ambayo wachache huifikiria mapema: ritani ya kodi. Hapo ndipo serikali ya Marekani hudai inamshika mkono mzazi. Inawashika baadhi tu.

Kwenye karatasi nafuu yenyewe si haba. Kwa mwaka wa kodi 2025, aliyeasili anaweza kudai hadi dola 17,280 kwa kila mtoto kupitia Fomu 8839. Ada za wakala, gharama za mahakama, wakili, nauli, hata chakula na malazi ya safari vinahesabiwa, kwa hiyo stakabadhi ya gesti ya Kampala iliyoandikwa kwa mkono ina thamani, mradi imetunzwa. Lakini sheria inatofautisha mtoto wa ndani na mtoto wa nje. Anayeasili mtoto ambaye ni raia au mkazi wa Marekani anaweza kudai gharama zake hata kama hukumu haijatoka, na hata mpango ukivunjika. Anayeasili mtoto wa nje hadai hata senti mpaka uasili ukamilike kisheria.

Kanuni hiyo inauma. Kwa miaka mingi Wamarekani walikuwa wakipewa na mahakama za Uganda amri ya ulezi tu, wanasafiri na mtoto, kisha wanakamilisha uasili kwao. Mpaka hapo, kwa macho ya mamlaka ya kodi, IRS, hawakuwa na cha kudai. Na hata hukumu ikitoka, safari inaweza kukwama: Septemba 2013 Kongo ilisimamisha vibali vya watoto walioasiliwa kutoka nchini, na watoto wakabaki Kinshasa ilhali wazazi wao wapya wameshapewa hukumu.

Pamoja na hayo, mimi naitetea kanuni hii ya kusubiri. Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mumewe, ikiwatuhumu kuendesha mtandao uliowachukua watoto kwa wazazi wao vijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, kisha kuwatoa kwa Wamarekani kama watoto wa kuasiliwa. Uganda yenyewe ilikuwa imeshakaza sheria yake ya watoto mwaka 2016, ikawafungia wageni njia ya ulezi. Mama wa kijijini aliyedhani anampeleka mwanawe shule hana wakili wala mhasibu wa kumtetea. Fedha ya umma ikianza kutoka kabla ya hukumu, madalali ndio watakaoikimbilia kwanza. Acha isubiri.

Nisichoweza kukitetea ni namna nafuu hii inavyogawanywa. Kwa sehemu kubwa inafuta tu kodi unayodaiwa. Ikizidi, ziada inasogezwa mbele kwa miaka 5, kisha inakufa. Chukua mume na mke wenye mapato ya dola 48,000 kwa mwaka, mmoja yuko kiwandani, mwingine anatunza wazee. Ukiondoa makato ya kawaida ya dola 31,500, kodi yao ya 2025 ni dola 1,650. Majirani zao wenye mapato ya dola 200,000 wanadaiwa zaidi ya dola 26,000, hivyo wanafuta 17,280 zote kwa mkupuo mmoja. Mtoto ni yuleyule, gharama ni zilezile.

Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeruhusu hadi dola 5,000 zilipwe taslimu hata kwa asiyedaiwa kodi. Ni hatua, naipongeza. Lakini wale wenye 48,000, mapato yao yasipobadilika, watapokea 5,000 hizo na kufuta 1,650 kila mwaka kwa miaka 6, na bado dola 2,380 zitapotea. Hapo sijagusa nafuu ya kawaida ya mtoto, ambayo nayo inagombea kodi hiyohiyo.

Wanaopinga kulipa zote taslimu wanahofia udanganyifu. Jambo hili lilishajaribiwa: kwa miaka ya kodi 2010 na 2011 nafuu nzima ilirudishwa taslimu. Katika msimu wa 2012 IRS ilikagua asilimia 69 ya ritani zilizoidai, na kwa mujibu wa Mtetezi wa Taifa wa Walipa Kodi, fedha zilizokataliwa zilikuwa asilimia 1.5 tu. Walioumia ni wazazi waaminifu waliosubiri miezi.

Kwa anayejaza ritani sasa, neno moja. Namba ya muda ya mtoto anayeasiliwa, ATIN, inatosha kwa Fomu 8839, ila haitoshi kwa nafuu ya kawaida ya mtoto. Hiyo inadai namba ya Social Security iliyotolewa kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha. Kama namba haijafika, omba kusogezewa muda hadi Oktoba 15, ila kodi unayodaiwa ilipe Aprili.

Na kubwa zaidi: anayemwombea visa yatima wa nje anayemwasili ni lazima awe raia wa Marekani, na raia ana kura. Ndugu zetu mlio huko, mwandikieni mbunge wenu wa Congress mkidai hukumu iendelee kutangulia, na ikishatoka, nafuu ilipwe yote taslimu kwa kila mzazi.