Shaka ya Mtoto Nayo ni Shaka

Wapo watu, na baadhi yao ni wanachama wenzetu, wadhaniao kwamba Mahakama ya Watoto, kwa kuwa huketi faraghani na kusema kwa upole, yaweza kumtia mtoto hatiani kwa ushahidi mwepesi. Twawaambia waziwazi: sivyo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipunguza ukali wa mahakama. Haikupunguza uzito wa ushahidi. Kosa la jinai sharti lithibitishwe pasipo shaka ya maana, awe mshitakiwa mkubwa au mdogo. Tena, akiwa ametimiza miaka 10 lakini hajafika 12, mshitaki hana budi kuthibitisha pia kwamba mtoto huyo aliweza kutambua kuwa atendalo ni kosa.

Tuseme huko Zombo, wilayani Kilosa, mbuzi amepotea. Mtoto wa miaka 11 ameonekana karibu na zizi, anashikwa, anatishwa, analia, anasema, "Nimeiba." Kijijini kesi imekwisha, na huisha upesi zaidi iwapo mlalamikaji ni mtu wa mali! Lakini mbuzi yuko wapi? Nani alimwona akimchukua?

Marekani, mwaka 1970, Mahakama ya Juu ilikataa mvulana aliyeshitakiwa kuiba dola 112 akiwa na miaka 12 ahukumiwe kwa ushahidi uliozidi kidogo tu ule wa upande wa pili.

Twawataka viongozi wa matawi, waletewapo mtoto wa namna hiyo, wasimshurutishe kukiri. Wamwite kwanza mzazi wake, na ofisa wa ustawi wa jamii apewe habari siku ileile.