Fyuzi Hulinda Nini? Funzo la Ndege ya Kujiundia

Sheria ya Marekani humruhusu raia kujiundia ndege na kuirusha, ilimradi sehemu kubwa ya kazi iwe imefanywa na watu walioianza kwa ajili ya elimu au burudani yao wenyewe. Ndege ya namna hiyo huandikwa wazi kuwa ni ya majaribio, na abiria hutahadharishwa kwa maandishi kwamba haikutimiza masharti ya usalama ya ndege za kawaida. Neno "elimu" katika sheria hiyo si pambo. Anayetaka kulielewa na aitazame kazi moja tu: kutengeneza ubao wa vipimo ulio mbele ya rubani na kuuunganisha kwa nyaya za umeme.

Msingi wa kazi hiyo ni fizikia ya darasani. Kipimo cha mwendo hulinganisha kanieneo ya hewa inayosukumwa ndani ya mrija unaoelekea mbele na kanieneo ya hewa tulivu. Karibu na usawa wa bahari, ndege iendayo kilometa 180 kwa saa hupata tofauti ya paskali 1,500 hivi, yaani kanieneo ya maji yenye kina cha sentimita 15 tu. Uvujaji mdogo katika mrija watosha kuifanya sindano iseme uongo.

Umeme nao una hesabu zake. Tuseme taa ya kumulikia njia wakati wa kutua hutumia ampea 8, na iko mita 5 kutoka kwenye betri ya volti 12. Kiwiliwili cha ndege kikiwa cha nyuzi za kioo hakipitishi umeme. Hivyo hapana budi kuwepo waya wa kwenda na waya wa kurudi, jumla mita 10. Waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita mraba 1 utakuwa na ukinzani wa omu 0.17, na volti 1.4 zitapotea njiani na kugeuka joto. Waya wa milimita mraba 2.5 hupunguza upotevu huo hadi volti 0.55. Zaidi ya hayo, mkondo huo ukipita katika waya mmoja sentimita 10 kutoka kwenye dira, huzusha uga wa sumaku wa mikrotesla 16, ilhali sehemu ya mlalo ya uga wa dunia katika Marekani ya kati ni karibu mikrotesla 20. Ndiyo sababu nyaya mbili husokotwa pamoja, ili mikondo inayopishana ifutiane nguvu.

Lakini kuunganisha ubao ukafanya kazi ni nusu tu ya elimu hiyo. Nusu ya pili ni swali ambalo mwundaji hulazimika kujiuliza mbele ya kila waya: huu ukikatika angani, rubani atabaki na nini? Injini nyingi za ndege ndogo hupata cheche kutoka kwenye magneto inayozungushwa na injini yenyewe. Betri ikifa, injini huendelea kunguruma. Mwundaji anayechagua mfumo wa cheche unaotegemea betri hana budi kuweka chanzo cha pili cha umeme. Kadhalika, anayekusanya vipimo vyote katika skrini moja hufanya busara akiacha pembeni kipimo cha mwendo na cha kimo visivyohitaji umeme.

Shuleni swali hilo huulizwa kwa nadra. Mwanafunzi huchora saketi, taa ikawaka, somo likaisha. Matokeo yake ni kwamba wengi hudhani fyuzi hulinda chombo, kumbe kazi yake ya kwanza ni kulinda waya: hukatika kabla waya haujapata joto la kuwasha moto. Asiyelijua hilo, fyuzi ikikatika nyumbani, huweka waya mnene mahali pake na kujisifu kwamba umeme umerudi. Huenda alifaulu mtihani wa kanuni ya Ohm.

Yawezekana mwalimu akajibu kwamba shule yake haina maabara, sembuse ndege. Jibu hilo halitoshi. Betri, balbu mbili, swichi na vipande vya waya vyatosha kuanzia, na pasipokuwa na hivyo, karatasi na kalamu hufaa. Kila saketi iliyochorwa ubaoni na iulizwe maswali matatu: kitu gani kitaharibika kwanza, nani atajua, na kitabaki nini? Mwundaji wa ndege huyajibu kwa uangalifu kwa sababu atakaa yeye mwenyewe nyuma ya ubao ule. Mwanafunzi naye hulala chini ya paa lenye nyaya.