Chupa moja ya maji haitoshi

Dawa ya kuulia wadudu ikimwagwa mtoni usiku, mkaguzi akaja na chupa yake siku ya tatu, atapima nini? Maji yaliyoibeba yameshafika baharini. Wa kuulizwa ni wadudu waishio chini ya mawe kwa wiki na miezi.

Tuchukue Mto Sigi. Unashuka kutoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki, hadi bwawa la Mabayani linalolinywesha Jiji la Tanga. Milima hiyo ina mashamba ya chai na iliki, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wameshaichimbua.

Kupima si kazi ngumu. Unaingia mtoni na wavu wa mkono, unatifua mawe kwa mguu, unamwaga ulichonasa kwenye sinia jeupe, unatazama. Yule bapa mwenye mikia mitatu, na buu anayejijengea nyumba ya mchanga na vipande vya majani, ni wadekaji: tope likizidi au hewa ikipungua majini, wengi wao hutoweka. Ukikuta viluwiluwi vyekundu na ruba tu, panda juu ukaangalie kuna nini.

Afrika Kusini wameliwekea jambo hili alama: kila jamii ya viumbe hawa hupewa 1 hadi 15, wadekaji wakipata nyingi. Mwaka 2015 ukachapishwa mfumo wa Tanzania, TARISS, uliojengwa juu ya ule wa Afrika Kusini. Ulihitajika, maana majedwali ya Ulaya yanategemea wadudu ambao baadhi yao huku ni haba mno, na kaa wetu wa mtoni hawamo.

Mfumo huo usiishie kwenye majarida ya wasomi. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye dhamana ya Sigi, izipe jumuiya za watumia maji nyavu, masinia na mafunzo, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi za vijiji. Mkulima na ofisa wanaobishana juu ya marufuku ya shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni watakuwa na cha kuonyeshana.

Wadudu hawatataja jina la dawa iliyomwagwa, wala hawatasema kama maji yana vimelea vya kipindupindu. Hiyo ni kazi ya maabara. Na mafuriko huwazoa hata kwenye mto safi. Basi kipimo kifanywe kiangazi, mara mbili siku hiyohiyo: juu ya machimbo, kisha chini yake.