Kiingereza Kizuri Huanza na Kiswahili Kinachoeleweka

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Aliyewajaalia waja wake lugha mbalimbali. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi na wapenzi wanafunzi, huenda mkauliza: madrasa na Kiingereza, wapi na wapi? Jibu ni kwamba watoto ni wale wale. Asubuhi wako shule, jioni wako mbele yetu. Katika shule nyingi za serikali za Tanzania Bara mtoto husoma kwa Kiswahili mpaka amalize msingi, na akiingia kidato cha kwanza karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Hapo baadhi ya wazazi hukata shauri kumtoa mtoto madrasa ili aende tuisheni, na kumkataza Kiswahili nyumbani. Sisi tunaona dawa hiyo haiutibu ugonjwa.

Tuutazame ugonjwa wenyewe. Kinachowaangusha wengi ni maneno yanayofanana. Yapo yanayofanana kwa sauti. "Live" ni kuishi, "leave" ni kuondoka. "Ship" ni meli, "sheep" ni kondoo. Mwenye kuchanganya "rice" na "lice" atatuambia kuwa mchana amekula chawa! Lakini mwanafunzi wa madrasa asishangae. Katika tajwidi tumemfundisha kuwa "qalb" kwa qaf ni moyo, na "kalb" kwa kaf ni mbwa. Sikio lililozoea kuchunga makharija ya herufi za Kiarabu laweza kuzoezwa pia irabu za Kiingereza, maadamu mwenyewe analitumia.

Yapo pia yanayofanana kwa maandishi. "Price" ni bei, "prize" ni zawadi ya mshindi. "Principal" aweza kuwa mkuu wa chuo, na "principle" ni kanuni. Haya dawa yake ni kalamu na daftari.

Yanayosumbua zaidi ni yale yanayokaribiana kwa maana. Mwanafunzi akitaka kalamu ya mwenzake husema "borrow me your pen", na mwalimu humcheka. Kosa hili lina asili yake. Kwa Kiswahili tunasema "niazime kalamu", na pia tunasema "nimeazima kalamu kwa Juma". Neno ni moja, kutoa ni humo na kupokea ni humo. Kiingereza kimegawa: mwenye kutoa kalamu yake ni "lend", mwenye kuipokea ni "borrow". Lakini je, Kiswahili hakiijui tofauti hii? Kinaijua vizuri sana. Kukopa si kukopesha. Mtoto akiulizwa, "Hapa wewe unakopa au unakopesha?" atajibu mara moja, na neno la Kiingereza litakaa mahali pake.

Vivyo hivyo kukumbuka ni "remember", na kukumbusha ni "remind". Kujifunza ni "learn", kufundisha ni "teach". Kusikia ni "hear", kusikiliza ni "listen". Tazameni jinsi mwisho wa kitenzi cha Kiswahili unavyobeba tofauti ambayo Kiingereza huibebea neno jipya kabisa. Anayekijua Kiswahili chake ameshafika nusu ya njia.

Wala jambo hili si dogo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni, na imeagiza kuwa mwenye kudaiwa ndiye atakayesema yatakayoandikwa. Mikataba mingi leo huandikwa kwa Kiingereza. Asiyejua nani "lender" na nani "borrower" atatia saini asijue yuko upande gani. Hata katika hesabu, "at least 5" ni zisizopungua 5, na "at most 5" ni zisizozidi 5. Mtoto anayejua hesabu atakosa swali zima kwa maneno mawili.

Wala tusidhani kuwa Kiingereza ndicho chenye kupambanua siku zote. Mjomba na ami wote huitwa "uncle". Katika mirathi, ami ni katika asaba na mjomba ni katika dhawil arham. Wakichanganywa, haki ya watu inapotea. Basi hapo Kiswahili na Kiarabu ndivyo vinavyotuokoa.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Mwanafunzi awe na daftari maalumu. Aandike maneno mawili yanayomchanganya ubavu kwa ubavu, chini yake maana kwa Kiswahili, kisha atunge sentensi yake mwenyewe kwa kila neno. Maneno mawili kwa siku yanatosha. Maji hujaza mtungi kwa tone.

Nanyi akina mama na akina baba, msiseme kuwa hamkusoma, hamwezi kusaidia. Mwambieni mtoto aeleze sentensi yake kwa Kiswahili, kisha mumuulize: nani anatoa, nani anapokea? Nani anakumbuka, nani anakumbushwa? Akibabaika, bado hajaelewa, hata akikariri Kiingereza kama kasuku. Mkimnyamazisha Kiswahili nyumbani, mtakuwa mmemnyang'anya mizani ya kupimia maana. Na mkimtoa madrasa, mtakuwa mmemtoa mahali anapofundishwa kila jioni kuwa herufi moja yaweza kugeuza maana yote.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.